Kabla ya Kusema Kibodi Imekufa

Zamani mtoto alipokwenda chuoni alichukua ubao wake, kalamu ya mwanzi na kidau cha wino, na kalamu ilipokataa kuandika sababu zilikuwa mbili tu: ama ncha imekufa, ama wino umekauka. Mwalimu alitoa kisu, akaichonga ncha, na darasa likaendelea. Siku hizi vyombo vya kuandikia vimekuwa vingi, na katika vyuo vyetu na majumba yetu kompyuta ya mezani imepata mahali pake karibu na kabati la vitabu. Baba huandikia hesabu za duka, mama huandikia barua za kikundi chake, na watoto huandikia masomo yao. Ni chombo chenye manufaa makubwa. Lakini kila chombo kina maradhi yake, na katika maradhi ya kompyuta liko moja ambalo huzitia nyumba nyingi katika fadhaa, nalo ni hili: mtu aketi mbele yake, abonyeze vitufe vya herufi, na kioo kisioneshe hata nukta moja.

Twaona kwamba hali hiyo ikitokea hufuatwa na mambo mawili, na yote mawili hayapendezi. La kwanza ni fedha kutoka upesi kuliko akili, kwani mara moja husemwa kwamba kibodi imekufa na haina budi kununuliwa nyingine. La pili ni lawama. Hutafutwa mtu aliyekitumia chombo mwisho, na mara nyingi huyo huwa ni mtoto, naye hana ulimi wa kujitetea mbele ya wakubwa. Kwa hivyo tumeona vyema kuwaeleza ndugu zetu wasomaji, kina baba na kina mama, njia ya kulichungua jambo hili kwa taratibu, ili mali isipotee na mtu asidhulumiwe.

Sisi si mafundi. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na umri wetu umekwisha vuka hamsini. Lakini kwa miaka kadhaa kompyuta ya chuo chetu imekuwa chini ya uangalizi wetu, na kila ilipougua tumeketi karibu na mafundi, tukawauliza bila ya haya, na waliyotwambia tukayajaribu kwa mikono yetu. Hayo ndiyo tunayoyaleta hapa.

Mwaka 2023, wiki moja kabla ya mitihani ya chuo, kijana mmoja katika wanafunzi wetu wakubwa alipewa kazi ya kuandika karatasi za maswali. Alifanya kazi hiyo mpaka jioni, akazima kompyuta, akafunga mlango, akaleta ufunguo. Siku mbili baadaye kompyuta ilipowashwa kibodi haikuitika. Mshika fedha wa kamati, mtu mwema na mwenye uchungu na mali ya chuo, alipima jambo hili akasema: "Kipanya chatembea, kioo chawaka, basi kompyuta ni nzima. Iliyokufa ni kibodi, na kibodi mtu wa mwisho kuishika ni huyu kijana. Ama ameimwagia maji, ama ameipiga kwa nguvu. Alipe." Kijana aliapa kwamba hakuna maji wala chai iliyokaribia meza ile. Fedha zilizotakiwa zilikuwa shilingi elfu 25, na mama yake ni mwanamke anayechoma vitumbua alfajiri ili watoto wake wale. Alikuja kwetu baada ya alasiri, akasema, "Maalim, kama mwanangu ameharibu, nitalipa kidogo kidogo. Lakini naomba mnihakikishie kwanza kama ni yeye." Ombi hilo lilikuwa la haki, na hatukuwa na njia ya kulikataa.

Ukiyatazama maneno ya mshika fedha utaona yana mpangilio mzuri, na watu wengi husema kama alivyosema yeye. Kasoro yake ni moja tu. Yeye alihesabu vitu viwili, kibodi na kompyuta. Na kwa kuwa cha pili alikiona kizima, akahukumu kwamba kibovu ni cha kwanza. Alichokisahau ni cha tatu, nacho ni njia iliyo baina yao. Barua isipofika, haifai kusema moja kwa moja kwamba aliyeandika hakuandika, wala kwamba aliyeandikiwa amekataa kusoma. Huenda daraja limevunjika njiani.

Na njia hii ina vituo vingi. Kidole kikibonyeza kitufe, chini ya kitufe viungo viwili hugusana. Ndani ya kibodi kuna kifaa kidogo ambacho hutambua ni kitufe gani kilichobonyezwa, kikatoa ishara. Ishara hupita katika waya, ikafika kwenye kichwa cha waya, ikaingia katika tundu la kompyuta, ikapita kwenye bodi kuu iliyo ndani ya sanduku, kisha ikapokewa na programu, nayo ndiyo inayoandika herufi kwenye kioo. Kituo chochote kikikatika, sisi tulio nje twaona jambo lile lile, yaani kimya. Kimya hakisemi kimetoka wapi. Yatupasa tuvipitie vituo kimoja kimoja, tena kwa sharti kubwa ambalo mafundi wazuri hawaliachi: badili jambo moja tu, kisha jaribu. Mwenye kubadili mambo matatu kwa pamoja, hata akifaulu, hajui ni lipi lililoponya.

Basi tuanze na lile lisilotaka chombo chochote wala gharama. Katika kibodi nyingi kuna taa ndogo ya kitufe kilichoandikwa Caps Lock, ambacho hugeuza herufi ndogo kuwa kubwa. Kibonyeze kitufe hicho, uitazame taa. Wengi hudhani kwamba taa hiyo huwashwa na kibodi yenyewe. Sivyo. Kitufe kikibonyezwa, habari huenda mpaka kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayorudisha amri ya kuwasha taa. Kwa hivyo taa ikiwaka na kuzimika kwa kila ubonyezapo, jua ya kuwa njia ni nzima kwenda na kurudi, na ugonjwa wautafute katika programu. Taa isipoitika, ama njia imekatika, ama kibodi ni mbovu, ama kompyuta imeganda kabisa. Na hilo la mwisho utalijua kwa kukisogeza kipanya. Siku ile tulipobonyeza, taa haikuwaka, na kipanya kilitembea. Tukajua kwamba shida yetu iko ama katika kibodi, ama katika njia.

Jambo la pili ni waya na kichwa chake. Pitisha vidole juu ya waya tangu kwenye kibodi mpaka mwisho, ukitafuta mahali palipokunjika, palipobanwa na mguu wa meza, au palipotafunwa na panya. Mahali padhaifu zaidi ni pale waya unapotokea kwenye kibodi, kwani ndipo unapokunjwa kila siku. Kisha chomoa kichwa, ukitazame kwenye mwanga, ukirudishe mpaka kikae sawasawa. Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine: hewa yetu ina chumvi na unyevu, na shaba na chuma huota kutu mapema. Mara nyingi kuchomoa na kuchomeka mara mbili tatu huusugua ukungu mwembamba uliofunika viungo, na chombo kikafanya kazi.

Hapa yafaa kujua kwamba vichwa vya waya ni vya aina mbili. Kompyuta za zamani zina tundu la mviringo lenye pini 6, liitwalo PS/2, ambalo lilitoka pamoja na kompyuta za IBM za mwaka 1987. Katika kompyuta nyingi tundu la kibodi hutiwa rangi ya zambarau, na la kipanya rangi ya kijani. Na kwa kuwa matundu hayo yafanana kwa umbo, mtu akichomeka gizani aweza kuyabadilisha, na kibodi ikakaa kimya hali ya kuwa haina ila. Aina hii ina mambo mawili ya kuchunga. Moja, usichomeke wala usichomoe ilhali kompyuta inawaka. Izime kwanza, kwani haikutengenezwa kwa kuchomekwa katikati ya kazi, na mara nyingi kompyuta haitaitambua mpaka iwashwe upya. La pili, usilazimishe, maana pini zake ni nyembamba na zikipinda ndipo utakuwa umeleta ubovu usiokuwapo.

Aina ya pili ni USB, iliyoanza mwaka 1996, na ndiyo iliyoenea leo. Kichwa chake ni bapa, na ile ya kawaida ina viungo 4: viwili vya kupitisha umeme wa volti 5, na viwili vya kupitisha habari. Hii yaweza kuchomolewa na kuchomekwa hata kompyuta ikiwa inawaka. Matundu yake huwa mbele ya sanduku na nyuma pia, na watu wengi hudhani kwamba yote ni sawa. Kwa matumizi ni sawa, lakini kwa njia si sawa. Matundu ya nyuma yameshikamana na bodi kuu yenyewe. Matundu ya mbele yako mbali nayo, na kati yao kuna waya mdogo ndani ya sanduku, ambao mwisho wake huchomekwa juu ya pini 9 za bodi kuu. Waya huo ukichomoka, matundu ya mbele hufa yote, na ya nyuma hubaki mazima.

Sasa ndugu wasomaji warudie kidogo maneno ya mshika fedha kwamba kipanya chatembea. Tulipoinama nyuma ya meza tuliona ya kwamba kipanya kilichomekwa nyuma, na kibodi ilichomekwa mbele. Tukachomoa waya wa kibodi mbele, bila ya kubadili jambo jingine lolote, tukauchomeka nyuma. Taa zake zikamulika. Tukabonyeza Caps Lock, taa ikaitika. Tukaandika Bismillahi, ikatokea kwenye kioo herufi kwa herufi.

Ili tusibakishe shaka, tuliurudisha waya mbele, kibodi ikanyamaza; tukaupeleka nyuma, ikasema. Kisha tukauliza ni nani aliyelisogeza sanduku. Ikadhihirika ya kwamba katika zile siku mbili fundi aliitwa kupuliza vumbi, naye alilifungua sanduku na kulifunga. Tulipomwita, akalifungua tena, akauona ule waya mdogo umening'inia kando ya pini zake. Aliurudisha kwa muda mfupi kuliko unaotosha kunywa kikombe cha kahawa, wala hakutaka malipo. Kijana hakuwa na kosa, na kibodi haikuwa na ubovu.

Tulimwomba mshika fedha aitishe watu wale wale waliokuwapo siku kijana alipotuhumiwa, naye alikubali bila ya kusitasita, akasema mbele yao: "Mwanangu, nilikuhukumu kabla ya kujua. Nisamehe." Tumelitaja hili kwa makusudi, kwani katika majumba mengi mtoto hulaumiwa mbele ya watu ishirini, na ikidhihiri kwamba ni mwema huambiwa peke yake jikoni, au haambiwi kabisa. Heshima iliyovunjwa hadharani haitengenezwi faraghani.

Tuendelee na yaliyobaki, kwani si kila kibodi iliyonyamaza imekatika njia. Ikiwa umejaribu matundu ya nyuma na bado kimya, izime kompyuta kabisa, ichomoe kwenye umeme, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani utoke, kisha uirudishe na kuiwasha. Ukiwa umechomeka kibodi kwenye kigawanyaji, yaani kile kidude kinachofanya tundu moja kuwa manne, kiondoe, uichomeke kibodi kwenye kompyuta yenyewe. Huenda vyombo vingi vinagombea umeme mmoja mdogo.

Kisha kuna jaribio ambalo hutenganisha baina ya vyombo na programu. Kompyuta inapowashwa, kabla ya Windows kuingia, bonyeza mara kwa mara kitufe cha F2 au cha Delete, kwa kadiri ya aina ya kompyuta yako, utafunguliwa ukurasa wa matengenezo ya mashine yenyewe, ambao mafundi huuita BIOS. Kibodi ikifanya kazi humo na ikanyamaza ndani ya Windows, basi waya ni mzima, tundu ni zima, na kibodi ni nzima; iliyougua ni programu. Hapo ingia kwa kipanya katika orodha ya vifaa vya Windows, ukiondoe kifaa cha kibodi, uwashe kompyuta upya, nayo itakitambua tena kama kigeni. Na ukizuiwa mlangoni kwa kuwa huwezi kuandika neno la siri, tazama pembe ya chini kuliani mwa ukurasa wa kuingilia. Iko alama ya usaidizi ambayo hufungua kibodi ya kwenye kioo, ukaandika kwa kipanya.

Yako pia mambo mawili ambayo huonekana kama ubovu na si ubovu. La kwanza: Windows ina msaada waliowekewa watu ambao mikono yao hutetemeka, uitwao Filter Keys, ambao huifanya kompyuta isijali mbonyezo wa haraka. Msaada huu waweza kuwashwa kwa kushikilia kitufe cha Shift cha kulia kwa sekunde 8, jambo ambalo mtoto mchanga aliyeegemea meza aweza kulifanya bila ya kujua. Mwenye nyumba akija huona vitufe haviitiki ila akivishikilia. Dawa yake ni kukishikilia tena kitufe kile kile, au kuuzima msaada huo katika mipangilio.

La pili latuhusu sana sisi tunaoandika Kiarabu. Kompyuta iliyowekewa lugha mbili hugeuka kutoka moja kwenda nyingine kwa kubonyeza Alt na Shift kwa pamoja, na vidole vyaweza kuvigusa bila ya kukusudia. Mtu akabonyeza A, ikatoka shini. Akabonyeza F, ikatoka be. Ikiwa yuko mahali pa neno la siri ambapo herufi hazionekani, yeye ataona tu kwamba amekataliwa, na atasema kibodi imeharibika. Kabla ya kusema hivyo, na atazame alama ya lugha iliyo chini ya kioo.

Ama kibodi zisizo na waya, njia yao haionekani kwa macho, lakini ipo. Anza na betri, kisha swichi ndogo iliyo chini yake, kisha kile kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Nyingi hutumia mawimbi ya gigahetsi 2.4, na mawimbi hayo hudhoofika yakizuiwa na sanduku la chuma. Tena mwaka 2012 kampuni ya Intel ilieleza kwamba vyombo vya USB 3.0, ambavyo matundu yake mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, hutoa kelele katika mawimbi hayo hayo. Kwa hivyo kipokezi kilicho kando ya diski ya nje chaweza kushindwa kusikia. Kihamishe kwenye tundu jingine, au kitoe nje kwa waya wa kurefushia, kikae juu ya meza karibu na kibodi.

Na ikiwa haya yote yamefanywa bila ya mafanikio, jaribio la mwisho ni kubadilishana: chukua kibodi hiyo uichomeke katika kompyuta ya jirani, na kibodi ya jirani uichomeke katika kompyuta yako. Yako ikinyamaza huko, na yake ikisema hapa, sasa waweza kusema kibodi imekufa, na ununue nyingine kwa moyo mkunjufu. Kwani kibodi hufa kweli. Maji ya chumvi na chai ya sukari huziua, na viungo vya chini ya vitufe huchakaa. Ikiwa imemwagikiwa, ichomoe mara moja, uipindue, uiache ikauke siku moja au mbili mahali penye hewa kabla ya kuijaribu.

Twawashauri wenye nyumba na wenye vyuo wafanye mambo matatu. Waweke akiba ya kibodi moja ya zamani yenye waya, hata kama herufi zake zimefutika, kwani ndiyo mizani ya kupimia. Waandike kwenye karatasi, waibandike ukutani, mpango huu: taa, waya, tundu la nyuma, kuzima na kuwasha, BIOS, lugha, kubadilishana. Na wawafundishe watoto wenyewe kuupitia mpango huo, maana mtoto anayejua kukichungua chombo hakiogopi, wala hakifichi kinapoharibika. Mtoto aliyezoea kulaumiwa hujifunza kuondoka kimya kimya na kumwachia atakayemfuata. Na nyumba ambayo vyombo huharibika kimya kimya hulipa zaidi kuliko bei ya kibodi.

Uchunguzi tuliousimulia hapo juu ulichukua chini ya robo saa. Mtu akiwa na mashaka kama haraka ni bora kuliko taratibu, na alinganishe robo saa hiyo na shilingi elfu 25 zilizotaka kutolewa kwa kitu kizima, na jina jema la kijana lililotaka kwenda pamoja nazo.